Mpira, Poli na Mafuta ya Ijumaa

Mimi siwezi kuishi na kitu kinachogonga. Bomba likidondosha matone jikoni nainuka kulikaza, dirisha likipigapiga kwa upepo nalifuata na karatasi iliyokunjwa, na darasani mwanafunzi akigonga kalamu juu ya dawati naacha hesabu za asilimia katikati mpaka aiweke chini. Mama husema nilizaliwa na haraka, nikatoka kabla mkunga hajafika, na kwamba tangu siku hiyo sijakaa. Kwa hiyo gari la baba lilipoanza kugonga mbele, upande wa kushoto, kila tulipovuka shimo, nilijua amani yangu imekwisha.

Gari lenyewe ni dogo, la Kiingereza, la milango miwili, na limenizidi umri. Magurudumu yake hayapiti sana ukubwa wa sinia. Baba alilinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, akalivusha hadi Mafia likiwa limefungwa kamba katikati ya magunia ya sukari, na toka siku lilipoteremshwa watu wa Kilindoni wakaliita Kiberiti. Alikuwa akienda nalo kwenye shamba letu la minazi huko Kirongwe, akirudi na nazi mpaka kwenye kiti cha mbele. Alipofariki, kaka zangu walilitazama, wakacheka, wakasema mwalimu achukue. Nikalichukua, na sikuwaambia kwamba ndicho kitu pekee nilichokuwa nikikitaka.

Mama naye alikuwa akilihitaji kuliko sisi sote. Aliteleza bafuni mwaka mmoja baada ya msiba, nyonga ikavunjika. Mfupa uliunga, lakini uliunga kwa masharti. Gari za abiria ziko juu, hawezi kupanda. Pikipiki hata hatukuzungumza. Bajaji alijaribu mara moja, akashukia njiani akisema afadhali atambae. Ila Kiberiti kiti chake kiko chini kabisa. Mama hugeuka, akakaa kwanza kama anavyokaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kisha huingiza miguu ndani mmoja mmoja, na yuko tayari.

Na alikuwa na pa kwenda. Mama mdogo, yaani mdogo wake wa pekee aliyebaki, anaishi Kirongwe kwa binti yake, na akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili. Akaja kusahau majina ya wajukuu, kisha akawa anauliza habari za watu waliokwisha kuzikwa. Kila Ijumaa baada ya sala ya mchana nilikuwa nampeleka mama, akakae na mdogo wake mpaka alasiri. Siku moja nilichoka, nikamuuliza kama hatuwezi kwenda kila baada ya wiki mbili. Hakukasirika.

"Nataka nimwone wakati bado ananijua," alisema. "Akishanisahau, nitakuwa naenda kumsalimia mtu mwingine."

Sikuuliza tena.

Fundi wetu ana banda la makuti njia ya kwenda bandarini. Ni mtu mzima mwenye watoto wanne, lakini mimi nilimfundisha hesabu darasa la sita, na zilimshinda, na mpaka leo akiniona hujifuta mikono haraka kama vile nitamkagua kucha. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akapiga jeki. Aliingiza mtarimbo kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu, akausukuma, na mkono ukacheza kama jino la mtoto. Akaniita niiname nione. Akatangaza kwamba bushi zimekufa.

Bushi si kitu cha kutisha. Ni pete nene ya mpira inayokaa kati ya chuma na chuma ili visigongane, ndogo kiasi cha kuenea kiganjani. Lakini gari zima linakaa juu ya hizo pete, na zikiharibika, kila jiwe la barabarani linabisha hodi. Kilichonitia hasira ni kwamba hii ilikuwa mara ya tatu tangu baba afariki. Fundi mwenyewe alikuwa akishangaa. Alisema bushi za mpira hukaa miaka na miaka, ila Kiberiti kinazila kama karanga. Akalaumu joto, akalaumu chumvi ya bahari, akalaumu spea za bandia, na mwisho akanishauri nijaribu bushi za poli.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama kwamba bushi zimekufa. Akanikatiza. Tangu baba aondoke, mama hapendi neno hilo litumike ovyo. Kwake betri haifi, saa haifi, simu haifi. "Sema zimechoka," akanirekebisha, nami nikarudia kama mtoto wa chekechea kwamba zimechoka.

Poli ni aina ya plastiki ngumu, mara nyingi nyekundu, isiyooza wala kupasuka. Nilijiunga na kundi la simu la watu wanaopenda magari ya zamani, na kwa wiki nzima sikulala vizuri kwa kusoma ubishi wao. Upande mmoja walisema poli ukiitia umeitia, utakufa wewe ibaki yenyewe. Upande wa pili walisema poli haina huruma, inaleta kila mtikisiko mpaka ndani, na isipopakwa grisi yake maalumu inalia kama mlango wa stoo. Mzee mmoja wa Tanga aliandika kila siku ujumbe uleule, kwamba gari la zamani lilichorwa kwa mpira na linajua mpira tu. Nilimwona king'ang'anizi.

Mimi nikafanya kama mwalimu wa hesabu. Nilichukua daftari, nikachora jedwali: bei, umri, kelele, upatikanaji, kazi ya kufunga. Poli ilishinda kwa mbali. Nilimwonyesha mama, naye akaliangalia jedwali kwa heshima, kisha akauliza swali moja tu, kwamba ipi ni laini. Nikamjibu mpira ndio laini, lakini haudumu. Akasema basi nitie ile laini. Nikaanza kumfafanulia habari ya kudumu, nikapandisha sauti kidogo kama ninavyofanya darasani mtu asipoelewa, mpaka akaniambia vyema, wewe ndiye uliyesoma.

Katika jedwali lote lile sikuwa nimeweka safu ya nyonga ya mama. Aliiweka yeye kwa swali moja, na mimi nikaifuta.

Bushi zilitumwa kutoka Kariakoo, zikapita bandari ya Nyamisati, na kwa siku mbili nilikwenda gatini kila boti ilipoingia, nikisimama na kukaa na kusimama tena. Zilipofika zilikuwa nzuri kweli, nyekundu, zinang'aa, mtu angedhani ni peremende. Fundi alizifunga asubuhi moja, na nilipoliendesha gari kwenye lami ya mjini nilitaka kuimba. Lilikuwa limekaza. Ukigusa usukani linaitika. Ile gonga-gonga ilikuwa imeondoka, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima nilivuta pumzi mpaka chini. Nilipita mbele ya duka la kaka yangu makusudi ili aone.

Ijumaa ile tukaenda Kirongwe. Mpaka lami ilipoishia mama alikuwa akizungumza, ananionyesha nyumba ya nani inapigwa plasta. Ilipoanza njia ya vumbi akanyamaza. Mashimo nilikuwa nayajua yote, lakini sasa hata kokoto nilizisikia moja moja, zinapita kwenye chuma, zinapita kwenye kiti, zinaingia mgongoni. Mama alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na nyonga kwa mkono wa pili, midomo inakwenda, anavuta uradi. Nilimuuliza kama nipunguze mwendo. Akatikisa kichwa. Nilipunguza, na ikawa vibaya zaidi, kwa sababu sasa kila shimo lilipata nafasi yake.

Tulipofika hakuweza kushuka. Aligeuka, akatoa miguu nje, akajaribu kuinuka, na uso wake ukabadilika rangi. Ilibidi mama mdogo aletwe nje, awekewe kiti kando ya mlango wa gari. Walishikana mikono hivyo, mmoja ndani mmoja nje, kama watu wanaoagana. Mama mdogo alimwita dada, akacheka, akauliza kwa nini hateremki, amegombana na nani. Alikuwa bado anamjua.

Kurudi mama alishika mlango na nyonga mpaka nyumbani. Nilimsaidia kulala, nikampaka dawa, nikamletea chai. Akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, gari limepona," alisema. "Mimi ndiye niliyebaki kuumwa."

Nilitoka nje nikiwa na hasira. Kwanza nilimkasirikia yeye kwa kutosema njiani. Nilizunguka ua mara nyingi, nikapiga teke ndoo, na mwisho ikabidi nikubali kwamba alishasema, tena kabla hata sijanunua, na kwamba aliyeshindwa kuelewa somo alikuwa mwalimu.

Nikaagiza mpira siku ileile. Muuzaji akaleta bushi za gari jingine. Nikazirudisha, nikangoja, nikampigia simu mpaka akaacha kupokea. Kundi la simu lilinicheka, na mzee wa Tanga akaandika ujumbe wake uleule, safari hii bila kunitaja. Ijumaa ya kwanza mama alikuwa kitandani. Ya pili alikuwa ameanza kutembea na fimbo, akaliangalia gari, akasema tusubiri. Ya tatu alivaa kabisa baibui, akakaa barazani kama mtu anayesubiri kuitwa, na kisha akaenda kulivua. Ya nne binti wa mama mdogo alipiga simu. Alisema mama yake siku hizo hamuulizii tena mtu yeyote, na asubuhi ile alimkaribisha yeye, binti yake wa kumzaa, akimwita mgeni.

Mama alinirudishia simu na kuniuliza kama bushi zimefika. Nilitamani anipige.

Zilifika Jumatano iliyofuata. Alhamisi nilikuwa bandani kwa fundi tangu asubuhi, nikimsumbua. Alizitoa zile nyekundu, akaweka nyeusi mpya kwa maji ya sabuni, na alipomaliza akanionyesha kopo lenye bushi za zamani alizokuwa amezitoa mwezi uliopita. Alisema kuna kitu kinamkera. Mpira uliozeeka kwa jua hukauka, hupasuka, hutoa unga. Hizi zilikuwa zimevimba. Nilishika moja, ikabonyea kama tende, ikaacha utando kwenye vidole. Nikaipeleka puani, sijui kwa nini.

Ilinuka mafuta ya nazi. Si harufu ya kubahatisha. Nimekulia katika nyumba inayokamua mafuta, ningeitambua hata usingizini.

Nilimgeukia fundi nikamuuliza kwa nini anatumia mafuta ya nazi kuingiza bushi. Akaapa kwamba hajawahi, kwamba hata kwao kijana wa gereji hujifunza jambo hilo kabla ya spana, kwamba mafuta huula mpira, huuvimbisha mpaka uwe uji. Akaongeza kwa upole, huku akitazama pembeni, kwamba labda kuna mtu anayelipaka gari huko nyumbani. Nikacheka. Nani apake gari mafuta ya nazi?

Usiku ule sikuwaza jambo jingine, na asubuhi nilipata jibu bila kulitafuta. Shule zilikuwa zimefungwa. Kwa kawaida Ijumaa asubuhi niko darasani, narudi adhuhuri kumchukua mama, na ndani ya gari nakutana na harufu ya mafuta, ambayo miaka yote nilidhani ni ya nywele zake. Ijumaa hiyo nilitoka uani na kikombe cha chai, nikamkuta mama amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kando ya gurudumu la mbele. Fimbo ameilaza chini. Pembeni ana chupa ya mafuta. Mkononi ana njukuti ndefu ya kuti la mnazi, na kwenye ncha ya njukuti amefunga unyoya wa kuku, ameulowesha, na anauingiza taratibu nyuma ya gurudumu, akiutafuta mpira mpya.

"Mama, acha!"

Alishtuka mpaka chupa ikaanguka. Na mimi, badala ya kuinama kuiokota, nikaanza kufundisha. Nilimweleza mafuta yanafanya nini kwenye mpira. Nilimweleza uvimbe, na utando, na mara tatu tulizobadilisha. Nilisema yote kwa mpangilio, kwa sauti ileile ya darasani, nikinyoosha kidole kwenye gurudumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Unyoya ulikuwa ukidondosha mafuta juu ya kanga yake na hakuutazama.

Akanieleza, kwa sauti ndogo, kwamba baba ndiye aliyemfundisha. Gari lilipokuwa likilia, baba alisema lina kiu, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alilinywesha mafuta ya shamba lake mwenyewe. Alipoanza kuumwa akawa anakaa barazani na kumwelekeza mama, hapa, na hapa, usisahau nyuma ya gurudumu. Likitulia alimsifu. Baada ya kufa kwake mama aliendelea, kwa sababu hakutaka gari la mumewe likauke. Nyonga ilipovunjika akabuni njukuti.

"Kumbe miaka yote hii," alisema, "ni mimi niliyekuwa naziua."

Yeye, aliyekuwa hataki hata betri iitwe imekufa, alilitamka neno hilo bila kujizuia, na macho yake yakajaa. Nimewahi kumuudhi mama mara nyingi, lakini sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale na kikombe changu cha chai. Nilikuwa na haki katika kila nililosema. Hakuna hata moja lililohitaji kusemwa vile.

Niliokota chupa. Kulikuwa kumebaki mafuta kidogo. Nikamwambia bawaba za milango zinayataka, na za buti, na kitasa cha upande wake, kwamba hizo ni chuma kwa chuma na mafuta ya nazi hayazidhuru hata kidogo. Alinitazama kuona kama namhurumia. Nikaufungua mlango ili asikie unavyokwaruza, maana kweli ulikuwa unakwaruza. Akavuta mbuzi yake mpaka pale, akaanza na bawaba ya chini. Alipaka zote, polepole, mpaka viganja vyake vikang'aa, kisha akaenda kuvaa baibui.

Njia ya Kirongwe siku hiyo ilikuwa ileile na mashimo yaleyale, lakini mpira uliyapokea na kuyaweka chini. Mama hakushika mlango. Tulipopita mikorosho ya mwisho akaniuliza kama naona mama mdogo atamkumbuka. Nilimjibu kwamba sijui. Nilitaka kumwomba radhi kwa zile Ijumaa nne, na nilipofungua mdomo nikamwambia tumekaribia.

Alishuka mwenyewe, kwa fimbo, akaingia ndani kwa miguu yake. Mama mdogo alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Alitutazama kwa adabu, akasema karibuni wageni, akamuuliza binti yake kama kuna maji ya kuwapa. Mama akawekewa kiti. Akamwita mdogo wake kwa jina lake la utotoni, mara moja, mara mbili. Mama mdogo akatabasamu vile tunavyowatabasamia watu tusiowajua. Binti yake akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na miguu ilikuwa inataka kunipeleka nje.

Mama hakubishana naye. Aliunyoosha mkono tu, na mama mdogo, kwa kuwa hakusahau adabu hata kidogo, akaupokea kwa mikono miwili. Akaushika. Kisha nikaona uso wake unatulia, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, akauinua mkono wa mama mpaka puani.

"Dada," akasema. "Gari la shemeji bado linalia?"

Mama aliuacha mkono wake palepale. "Bado linalia," akamjibu.

"Mwambie alipake mwenyewe. Kila Ijumaa wewe tu."

"Nitamwambia," mama akasema.

Niliingia ndani, nikavua viatu, nikakaa mkekani karibu na miguu yao. Walikuwa wameanza kuzungumza habari za shemeji na ubishi wake, mmoja akijua kwamba amekufa na mwingine hajui, na wote wawili walikuwa wanacheka. Sikuinuka tena mpaka alasiri.